Gari Linavuja, Lakini Wapi? Fuata Doa Hadi kwenye Chanzo

Maswali ni yale yale kila wiki. "Nimekuta doa jeusi chini ya gari asubuhi, fundi anasema ni sili ya nyuma (raba inayozuia oili isitoke), nikubali ashushe giaboksi?" "Maji ya rejeta yanapungua ila chini pakavu, yanaenda wapi?" "Oili nyekundu hii ni ya giaboksi au ya usukani?"

Majibu yote yanaanzia hapa: gari halivujii pale linapodondoshea. Tone huzaliwa juu, likatambaa kwenye chuma, likasukumwa nyuma na upepo wa mwendo, likakutana na bolti iliyochomoza chini, ndipo likaanguka. Anayebadilisha kifaa kilicho juu ya doa anabahatisha tu. Na kubahatisha kwa Kigoma ni ghali, maana kifaa kikikosekana kwenye maduka ya Mwanga hapa mjini unasubiri kiletwe kwa basi, gari likiwa limefunguliwa uwanjani.

Maelezo haya yanalenga magari tunayoyaona zaidi mjini na kwenye njia ya Kasulu na Uvinza: IST, Probox, Runx, Noah, Hilux na ndugu zao.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Katoni kubwa mbili au tatu zilizofunguliwa, kavu na safi. Za sabuni au biskuti zinafaa.
- Maka peni na kipande cha karatasi cha kuandikia.
- Tochi ya LED. Ya kuvaa kichwani ni bora zaidi.
- Kioo kidogo cha kujitazamia, kwa kuona nyuma ya injini.
- Matambara meupe na glasi ya maji safi.
- Dizeli au mafuta ya taa nusu lita, brashi ya rangi, mswaki wa zamani, sabuni ya unga.
- Nailoni na mipira ya kufungia.
- Poda ya mtoto.
- Spana namba 10, 12 na 14, bisibisi na koleo.
- Jeki, stendi mbili za chuma na kabari nne za mbao.

Kuhusu hizo stendi, tusielewane vibaya. Hakuna kulala chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Tofali la kuchoma nalo si stendi: hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Mji wetu ni wa miteremko, na gari lililoinuliwa kwenye mteremko huteleza kutoka kwenye jeki hata ukivuta hendibreki. Kama nyumbani kwako hakuna sehemu tambarare, peleka gari kwenye gereji yenye shimo, omba nusu saa ya shimo hilo. Ni heri kulipia shimo.

Mivujo miwili isiyosubiri

Ukisikia harufu kali ya petroli, usiwashe injini wala usisogeze gari kwa kuliwasha. Lisukume liende mbali na jiko la mkaa na mtu anayevuta sigara, kisha fungua terminali hasi ya betri. Acha milango wazi. Hapo ni kazi ya fundi aje ulipo.

Pedali ya breki ikizama, au kijagi cha maji ya breki kikishuka chini ya MIN kwa siku chache, gari haliendeshwi. Usijipe moyo kwamba utashuka polepole kwa gia namba moja hadi Stesheni. Lisimamishe hapo hapo.

Mivujo mingine mingi inakupa muda wa kufanya kazi vizuri.

Hatua kwa hatua

1. Pima vyote kwanza, injini ikiwa baridi. Oili ya injini kwenye dipstiki, maji ya rejeta kwa kufungua kifuniko (baridi tu), kitenki cha akiba kati ya LOW na FULL, kijagi cha breki, kijagi cha usukani kama gari lako linatumia oili ya usukani. IST nyingi usukani wake ni wa umeme, hivyo hazina oili hiyo kabisa. Andika kila kimoja kilipo. Bila kumbukumbu hii, wiki ijayo hutajua nini kimepungua, na kupungua ndiko ushahidi wako wa kwanza.

2. Tandika katoni usiku. Endesha gari dakika kumi na tano lipate moto, liegeshe kwenye tambarare, sukuma katoni chini kuanzia bampa ya mbele hadi katikati. Kabla ya kuondoka, chora kwa maka peni mahali matairi ya mbele yalipo na uandike "dereva" na "abiria". Watu wengi wanasahau hili, asubuhi wanabaki na katoni yenye doa wasiyojua iligeukia wapi.

Sasa doa lina anwani. Kwenye Toyota ndogo ambazo injini imelala kwa upana wa gari, mikanda iko upande wa dereva na giaboksi iko upande wa abiria. Doa la upande wa dereva linaelekeza kwenye sili ya mbele ya krenki (shafti kuu ya injini), pampu ya maji au kava la cheni. Doa la katikati kuelekea abiria linaelekeza kwenye maungio ya injini na giaboksi. Noah za zamani za SR40 ni tofauti: injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo doa la injini linaangukia nyuma zaidi kuliko unavyotarajia.

3. Tambua ni kimiminika gani. Pangusa tone kwa tambara jeupe, angalia rangi, nusa, sugua kati ya vidole. Kisha dondosha kidogo kwenye glasi ya maji. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kinamaliza ubishi mwingi.

Oili ya injini huelea. Ikiwa mpya ina rangi ya asali, ikitumika huwa nyeusi, na ya dizeli huwa nyeusi mapema sana. Oili ya giaboksi ya otomatiki nayo huelea. Ni nyekundu ikiwa mpya, kahawia ikichoka, na nyepesi kuliko ya injini. Ugumu ni kwamba Toyota nyingi zenye usukani wa haidroli hutumia oili hiyo hiyo nyekundu kwenye usukani, hivyo rangi haitoshi. Angalia kipi kimepungua katika vipimo vya hatua ya kwanza.

Oili ya difu (gia za eksili) na giaboksi ya manyuo (ya kubadili gia kwa mkono) ni nzito na ina harufu kali kama ya kiberiti, na harufu hiyo haiondoki mkononi upesi. Kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) huchanganyika na maji. Ina utelezi na harufu tamutamu, na rangi yake ni nyekundu, waridi, kijani au bluu kutegemea chapa. Ifunike mara moja: ni sumu, na utamu wake huvuta mbwa na watoto. Maji ya breki pia huchanganyika na maji. Huwa meupe au ya njano hafifu, na yakigusa rangi ya bodi huibabua.

Kama rejeta yako umejaza maji ya bomba matupu, rangi haitakusaidia. Tafuta alama za kutu ya kahawia pale yanapokaukia.

4. Waondoe wanaosingiziwa. Maji safi yasiyo na harufu, upande wa abiria, baada ya kuwasha AC, ni unyevu wa hewa uliogeuka maji ndani ya kiyoyozi na kutoka kwa mpira wake. Huo ni uzima wa gari.

Halafu kuna mawese. Gari lililobeba madumu kutoka shambani hubaki na mafuta kwenye sakafu ya buti na kwenye vizibo vya bodi, yakadondoka siku mbili tatu baadaye. Rangi yake ya chungwa jekundu imewafanya watu wafungue giaboksi nzima. Yatofautishe hivi: mawese huganda na kuwa mazito asubuhi kukiwa na baridi, huacha doa la njano lisilotoka kwenye tambara, na harufu yake unaijua tangu utotoni. Majimaji ya dagaa na migebuka nayo hutiririka vivyo hivyo. Hayo yaoshe upesi kwa maji mengi, kwa sababu chumvi yake hula mabomba ya breki yanayopita chini ya sakafu. Wanaobeba chumvi ya Uvinza wasikilize hili mara mbili.

5. Osha. Hapa ndipo kazi inapookolewa au kuharibika. Chini ya injini yenye umri kuna tabaka la oili na vumbi jekundu lililoshikamana kama tope kavu. Ukikagua juu yake utaona kila kitu kimelowa, na utalaumu kila kitu.

Injini iwe baridi kabisa. Funga oltaneta, boksi la fyuzi na mdomo wa kichujio cha hewa kwa nailoni. Paka dizeli au mafuta ya taa kwa brashi sehemu zenye oili tu, epuka mikanda ya raba, subiri dakika kumi, sugua, kisha suuza kwa maji ya sabuni na maji masafi. Usitumie petroli, cheche moja ya betri inatosha kuunguza gari na wewe. Usielekeze mashine ya presha kwenye sili wala soketi za waya: maji huingia na kukuletea ugonjwa mpya wa umeme. Ondoa nailoni zote, acha pakauke.

Oili iliyookotwa na matambara iweke kwenye dumu. Mitaro ya mji huu inashuka ziwani, na maji ya bomba tunayokunywa yanatoka ziwa hilo hilo.

6. Washa kwa awamu, ukitazama kila awamu. Usioshe kisha ukaenda Ujiji na kurudi ndipo uangalie. Oili itakuwa imeshasambaa.

Awamu ya kwanza: washa, acha dakika tano bila kukanyaga mafuta, kagua. Awamu ya pili: iache hadi feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili, kagua tena. Kulanti hupenda kutoka hapa, mfumo ukiwa na msukumo. Awamu ya tatu: endesha kilomita tano, ikiwemo mlima mmoja, rudi ukague. Awamu ya nne: katoni usiku. Andika unyevu ulionekana awamu ipi. Mvujo unaokuja injini ikiwaka tu unatoka mahali penye msukumo wa pampu, kama filta au swichi ya presha ya oili. Unaokuja gari likiwa limelala unatoka mahali oili inapotuama, kama bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini).

Kabla ya kuingiza mkono, zima injini. Mkanda na feni havisubiri mtu.

7. Panda juu, kisha mbele. Ukiona unyevu, ufuate kwa tochi na kioo hadi sehemu ya juu kabisa iliyolowa, halafu ya mbele kabisa. Juu ya hapo pakiwa pakavu, umefika.

8. Angalia washukiwa kwa mpangilio wa urahisi.

*Oili ya injini.* Anza na vya bei ndogo. Kifuniko cha kujazia oili na gasketi ya tapeti kava (kava la juu la injini) viko juu kabisa, na oili yao hutiririka nyuma ya injini hadi pale inapoungana na giaboksi, ikaiga sili ya nyuma ya krenki kwa ukamilifu. Hili ndilo kosa linalowagharimu watu zaidi: giaboksi inashushwa, sili inabadilishwa, doa linabaki. Usikubali giaboksi ishushwe kabla hujaona kwa macho yako nyuma ya tapeti kava pakiwa pakavu.

Fuata filta ya oili. Pangusa mdomo wake wote. Kama filta mpya inavuja, mara nyingi raba ya ile ya zamani imebaki imeng'ang'ania kwenye bloku na sasa ziko mbili. Filta hukazwa kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya raba kugusa. Kisha bolti ya kumwagia oili. Kwenye Toyota nyingi inachukua spana 14 na washa yake (pete ya kuzuia mvujo) ni ya kubadilisha kila umwagapo oili. Usiikaze kwa kuning'inia kwenye bomba; sampu ya aluminiamu hukatika meno na gharama yake ni mara nyingi ya washa.

Runx, Spacio na Allion zenye injini ya 1ZZ zina tabia yao: oringi (raba ya mviringo) ya tenshena (kikaza) ya cheni huchoka na kumwaga oili upande wa mikanda, watu wakalaumu kava lote la cheni. Tenshena hiyo imeshikwa kwa nati mbili za 10 tu. Iangalie kwanza.

Sili ya mbele ya krenki ina saini yake. Puli ikizunguka hurusha oili kuizunguka, hivyo utaona mstari wa matone kwenye mzingo, hadi ndani ya boneti. Chini pekee pakiwa pamelowa, oili imetoka juu ya puli.

*Kulanti.* Tafuta ukoko mkavu wa rangi ya waridi au mweupe. Ndio kovu la mvujo hata pakiwa pakavu. Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya shafti yake, na ukoko hapo unamaanisha sili ya ndani imekufa. Kuikaza hakusaidii. Minya hozi zote, angalia klipu, tazama maungio ya plastiki na aluminiamu ya rejeta. Fundi mwenye pampu ya kupimia rejeta akuwekee msukumo ulioandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida bar 0.9 au 1.1, usizidi hapo, aache dakika kumi. Mshale ukishuka, kuna tundu.

Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa moto. Maji yake yamepita kiwango cha kuchemka na yanarukia usoni.

*Oili nyekundu.* Kwenye usukani, minya mipira ya pembeni ya reki (chuma cha usukani kinachogeuza matairi). Ukihisi majimaji ndani, sili za reki zimekwisha. Kwenye giaboksi, tazama pale draivu shafti zinapoingia, kisha gasketi ya pani (bakuli la oili chini ya giaboksi).

*Breki na klachi.* Pangusa ndani ya kila tairi. Tairi likiwa limelowa kwa ndani, ni wili silinda au kalipa. Tazama pia juu ya pedali, ndani ya gari: master silinda (pampu kuu ya breki) huweza kuvujia huko bila tone kufika chini.

*Difu ya nyuma.* Kwa Hilux na Land Cruiser, kabla ya kununua sili safisha kipumulio kilicho juu ya eksili. Tope la masika hukiziba, joto linavimbisha hewa ndani, na hewa isiyo na njia husukuma oili nje kupitia sili nzima.

9. Thibitisha kwa poda. Sehemu unayoishuku ikishakauka kabisa, ipulizie poda nyembamba. Iwashe injini kwa muda wa awamu iliyokuonyesha unyevu. Njia ya oili itaandika mstari mweusi juu ya weupe, na mwanzo wa mstari ndio chanzo. Usipake karibu na mdomo wa hewa.

10. Rekebisha kimoja, kisha rudia katoni. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa kibovu. Bolti za tapeti kava ni ndogo, zinakazwa kidogo kidogo kutoka katikati kwenda nje. Ukilazimisha zinakatika ndani ya silinda hedi. Silikoni iwe uzi mwembamba, na kwenye maungio inayotakiwa tu. Inayozidi hujipenyeza ndani, ikamomonyoka na kuziba chujio la pampu ya oili.

Mambo yakikataa

*Maji yanapungua, chini pakavu kabisa.* Gusa zulia la miguu ya abiria: likiwa na unyevu wenye utelezi, rejeta ndogo ya hita imetoboka. Kama ni kavu, fungua kifuniko injini ikiwa baridi, washa, tazama. Viputo visivyoisha, moshi mweupe wenye harufu tamu, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa vinaonyesha gasketi ya silinda hedi. Usiendelee kuongeza maji na kusafiri.

*Sili mpya imevuja ndani ya mwezi.* Angalia vavu ya PCV (inayotoa gesi ya ndani ya injini). Ichomoe, itikise, isiyolia ndani imeziba. Gesi ya injini ikikosa njia hutafuta sili. Kama vavu ni nzima, tazama shafti yenyewe: sili hukwaruza mfereji mahali inapokaa, na sili mpya ikiwekwa kwenye mfereji ule ule itavuja.

*Oili imeonekana nyeusi na nene ndani ya rimu tu.* Hiyo ni grisi, mpira wa sivi joint (maungio ya draivu shafti karibu na tairi) umepasuka. Ubadilishe mapema kabla mchanga haujaila joint.

*Shokapu ina mafuta.* Ukungu mwembamba wa vumbi ni kawaida. Mstari unaotiririka maana yake imekwisha.

*Kijagi cha breki kinashuka taratibu kwa miezi, hakuna unyevu popote.* Pima pedi. Pedi zikiisha, pistoni hutoka nje na kuchukua nafasi zaidi ya maji. Usijaze hadi MAX kabla ya kubadilisha pedi, maana mpya zikiwekwa yatafurika juu ya rangi.

*Fundi anashauri dawa ya kuziba kwenye rejeta.* Kataa, na bizari pia kataa. Vinaziba tundu kwa wiki, na vinaziba vijibomba vya rejeta na hita moja kwa moja.

*Hakuna kinachoonekana hata baada ya poda.* Rudi hatua ya kwanza, pima upya baada ya kilomita 500. Oili ikipungua bila unyevu popote, inaungua ndani: mwambie mtu atazame moshi wa bluu ukikanyaga mafuta baada ya kushuka mlima mrefu.